Uzito wa Risasi: Maneno kwa Wenye Bunduki Wanaolinda Mashamba

Ninyi wazee na vijana mnaolima kando ya msitu, someni habari hii polepole. Asiyejua kusoma asomewe na mtoto wake jioni, kazi ikiisha. Hii si habari ya mchezo. Ni habari ya shamba, ya nyama, na ya uhai wa jirani.

1. Mzee na gololi mbili

Mzee mmoja wa upande wa Vuhovi alikuwa na shamba la maharagwe chini ya kilima, mahali msitu unapokaribia. Maharagwe yale yalikuwa ya kuuza. Wachuuzi huyanunua Butembo na kuyapeleka Manguredjipa, kwa watu wanaochimba dhahabu. Lakini kila usiku pongo alitoka msituni, akala majani machanga, akarudi kabla ya jua.

Mzee alikuwa na bunduki ya fataki aliyoachiwa na baba yake, ile inayojazwa kwa mdomo. Akafikiri moyoni mwake: "Gololi moja ni nguvu ya mtu mmoja. Gololi mbili ni nguvu ya watu wawili." Akatia baruti kiasi cha siku zote, akatia gololi mbili juu yake, akashindilia kwa mdeki.

Kulipopambazuka alimwona pongo, umbali wa hatua arobaini, akapiga. Gololi ya kwanza ilimpata mnyama tumboni. Ya pili haikumpata. Ilipita juu ya maharagwe, ikavuka kijito, ikaingia katika ukuta wa udongo wa nyumba ya jirani, shubiri moja juu ya kitanda alicholala mtoto. Pongo akakimbilia msituni na tumbo lililotoboka. Alionekana siku ya tatu, kwa sababu ya nzi.

Mzee akaniita, kwa kuwa mimi ni moniteri wa mashamba na huulizwa mambo yote yanayoharibu mazao. Akasema, "Mwanangu, niliongeza uzito. Mbona nguvu imepungua?"

Nikamjibu, "Baba, nguvu haikupungua. Uliigawanya."

Maulizo yake yalikuwa mazuri, na wengi huuliza vile vile. Habari hii yote ni jibu lake.

2. Mnyama ni nani?

Katika vitabu vya Ulaya na Marekani wawindaji husema sana juu ya mnyama mwenye pembe zenye matawi kama mti, ambaye huziangusha kila mwaka na kuota nyingine. Mnyama huyo hayuko katika misitu yetu. Anayeshika nafasi yake kwetu ni pongo, ambaye wengine humwita kulungu au mbawala: mwenye rangi nyekundu au ya kahawia, madoa na mistari myeupe ubavuni, na dume ana pembe mbili zilizojipinda, asizoziangusha kamwe. Dume mkubwa huwa na kilo 50 hadi 60 na hata zaidi. Jike ni mdogo kuliko yeye.

Pamoja naye mashambani huja wengine wawili. Mboloko ni mdogo sana, kilo 4 hadi 6 tu. Nguruwe wa pori ni mzito, mara nyingi kilo 60 hadi 100, mwenye ngozi nene na mifupa migumu ya bega.

Basi angalieni: mboloko mmoja, pongo mmoja na nguruwe mmoja hawawezi kupigwa kwa risasi ya namna moja. Jembe la kupalilia silo la kung'olea kisiki. Kabla ya kuuliza "risasi ipi ni nzuri," uliza kwanza "kwa mnyama yupi, na kwa umbali gani?"

3. Tupime kwa gramu

Katika nchi hii watu wengi hujua gramu vizuri, kwa sababu dhahabu hupimwa kwa gramu. Mizani ile ile ya mnunuzi wa dhahabu inaweza kupima gololi. Mimi na mzee tulifanya hivyo.

Gololi ya mviringo ya madini ya risasi huwa na uzito huu:
Upana wa milimita 10: gramu 6.
Upana wa milimita 12: gramu 10.
Upana wa milimita 15: gramu 20.
Upana wa milimita 18: gramu 35.

Tazameni jambo la ajabu. Kutoka milimita 12 hadi milimita 15, macho huona tofauti ndogo tu. Lakini uzito umekuwa mara mbili. Ndiyo sababu mtu akikadiria gololi kwa macho hudanganyika, sharti aipime.

Katika masanduku ya risasi za bunduki za kisasa uzito huandikwa mara nyingi kwa kipimo cha zamani cha Waingereza, kiitwacho greni, kilichotokana na punje ya nafaka. Greni 15 na nusu kidogo hufanya gramu moja. Basi ukiona namba 150 juu ya sanduku, ni karibu gramu 10. Ukiona 180, ni karibu gramu 12. Ukiona 220, ni gramu 14 na kidogo. Namba hiyo si bei, wala si idadi ya risasi zilizomo. Ni uzito wa ile sehemu inayotoka na kuruka, bila ganda na bila baruti.

Namba ya kalibre 12 nayo huwachanganya wengi. Zamani Waingereza walipima mdomo wa bunduki hivi: gololi ngapi za upana wa mdomo ule hufanya ratili moja, yaani gramu 454? Kama ni gololi 12, kila moja ina karibu gramu 38, na bunduki ni kalibre 12. Kama ni 16, kila moja ina gramu 28, na bunduki ni kalibre 16. Kwa hiyo namba ikiwa kubwa, mdomo ni mdogo.

4. Mpagazi na mzigo

Sasa tuje kwenye maulizo ya mzee. Fikirini mpagazi mmoja mwenye nguvu. Mpeni mzigo wa kilo 10, atakwenda mbio. Mpeni mzigo wa kilo 20, atakwenda polepole. Nguvu zake ni zile zile, bali zinatumika kwa namna nyingine. Baruti ni mpagazi, na risasi ni mzigo wake.

Chukueni mfano wa bunduki iitwayo 30-06, iliyotoka Marekani mwaka wa 1906, inayotumika na wawindaji wengi duniani. Risasi ya gramu 10 hutoka mdomoni kwa mbio ya karibu meta 890 kwa sekunde moja. Ya gramu 12 hutoka kwa meta 820. Ya gramu 14 hutoka kwa meta 735. Mtu akihesabu nguvu ya pigo, yaani uzito pamoja na mbio, ataona kwamba zote tatu zinakaribia kuwa sawa. Aliyenunua risasi nzito hakununua nguvu zaidi. Amenunua namna nyingine ya kuitumia nguvu ile ile.

Tofauti ni hizi. Risasi nyepesi huwahi kufika, nayo huanguka kidogo tu njiani. Basi hufaa kwa mbali na kwa mnyama wa ngozi nyembamba. Lakini ikigonga mfupa mnene kwa karibu, huweza kupasuka juu juu isifike ndani. Risasi nzito ya upana ule ule ni ndefu kuliko nyingine, na uzito wote uko nyuma ya ncha moja. Basi huzama ndani zaidi. Lakini huanguka mapema njiani, na kitako cha bunduki hupiga bega la mwindaji kwa ukali. Mwenye kuogopa bunduki yake hufumba macho, na aliyefumba macho hana shabaha.

Katika bunduki ya fataki jambo ni kubwa zaidi. Ukiweka uzito mara mbili juu ya baruti ile ile, mbio hupungua karibu sehemu 3 katika 10. Tena mzigo ukiwa mzito mno, baruti hushindwa kuusukuma upesi, nayo moto yake husukuma kuta za mtutu. Mtutu wa zamani wenye kutu ndani hupasuka, na anayepotea ni mkono au jicho la mwenye bunduki. Na aliyetia gololi mbili hana njia ya kuzipeleka pamoja. Kila moja hushika njia yake, kama mbwa wawili waliofunguliwa kamba.

5. Kazi tatu za risasi

Risasi njema ina kazi tatu: kufika, kufunguka, na kutozidi.

Kufika maana yake ni kuingia mpaka mapafuni na moyoni. Hapo ndipo mnyama hufa upesi. Risasi ikiishia katika nyama ya bega, mnyama atakimbia na kuoza msituni.

Kufunguka maana yake ni kupanuka ndani ili jeraha liwe kubwa. Risasi za kuwindia wanyama kama pongo zina ncha laini ya risasi tupu, na shaba imezunguka nyuma tu. Ikigonga, ncha hupanuka kama uyoga. Risasi iliyofunikwa shaba yote haipanuki. Hutoboa tundu jembamba na kutoka upande wa pili.

Kutozidi maana yake ni kwamba risasi isiwe na safari ndefu baada ya mnyama. Risasi ya raifle ikikosa huweza kwenda kilometa 3 na zaidi. Katika vilima vyetu, ndani ya kilometa 3 kuna nyumba ngapi? Kuna wanawake wangapi wanaochota maji, na wachimbaji wangapi mtoni?

Wako watu wanaosema kwamba risasi nzito hupita katika majani na vijiti bila kugeuka. Neno hilo si kweli. Watu wengi wamelijaribu, wakaona kwamba risasi yoyote, nyepesi au nzito, huweza kugeuzwa na kijiti. Kama kuna vijiti mbele ya mnyama, dawa yake ni kungoja.

Mfano wa kukumbuka uko karibu na nchi yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 Mskoti mmoja, Walter Bell, aliwinda tembo huko Karamoja ya Uganda, na katika nchi ya Lado kaskazini ya Ziwa Albert. Wawindaji wengine wa siku zile walibeba bunduki kubwa zenye risasi za gramu 32 na hata 48. Bell aliua tembo wengi kwa bunduki ya milimita 7 yenye risasi ya gramu 11 tu. Aliwezaje? Alikata fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo unakaa wapi, na alitumia risasi ndefu, iliyofunikwa yote, isiyovunjika njiani. Hatusemi habari hii ili mtu amfuate. Tembo sasa wamekatazwa na sheria, na walio wengi wa nchi zile waliisha kwa mikono ya watu kama yeye. Twaisema kwa ajili ya fundisho: kujua mahali pa kupiga kulifanya kazi ambayo uzito peke yake haukuiweza.

Huko Ulaya serikali nyingine zimeweka kiasi katika sheria, ili mnyama asiteswe. Uskoti mwaka wa 1985 waliamuru kwamba kwa mnyama wao mdogo wa kilo 20 hadi 30, risasi isipungue greni 50, yaani gramu 3 na kidogo. Na kwa wakubwa isipungue greni 100, yaani gramu 6 na nusu. Mwaka wa 2023 kiasi cha wakubwa kilishushwa hadi greni 80, ili risasi za shaba tupu, ambazo ni nyepesi, ziweze kutumika. Pongo wetu ni mkubwa kuliko yule mdogo na ni mdogo kuliko wale wakubwa. Basi mnaona kwamba hahitaji risasi ya nyati.

6. Bunduki yako ni ipi?

(a) Bunduki ya fataki. Mwaka wa 1890, katika mkutano wa Brussels, serikali za Ulaya zilipatana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika. Zilizoruhusiwa kuuzwa ni zile za zamani, zisizo na mikwaruzo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Ndiyo maana babu zetu walipata bunduki hizi za kujaza kwa mdomo, na nyingine ziko hata leo.

Kwa bunduki hii uwe na gololi moja tu, ya mviringo kweli, isiyo na mkia wala tundu, inayoteremka mtutuni pamoja na kitambaa chake bila kupigwa nyundo. Ikiwa ni milimita 15 ina gramu 20, nayo humtosha pongo na nguruwe pia. Usitie vipande vya chuma, misumari au mawe. Vitu hivyo ni vyepesi kwa ukubwa wake, haviruki sawasawa, navyo hukwaruza mtutu. Gololi ikae juu ya baruti kabisa. Ikibaki nafasi katikati, mtutu huweza kupasuka. Umbali usizidi hatua arobaini. Kiasi cha baruti kiwe kile bunduki ilichofanyiwa, kipimwe kwa kipimo kimoja siku zote, kisiongezwe kwa sababu ya hasira.

(b) Kalibre 12. Kartushi ya chembe kubwa, iandikwayo 00, huwa mara nyingi na chembe 9. Zote pamoja ni karibu gramu 32, na mtu husema, "Uzito mkubwa huu!" Lakini kila chembe peke yake ina gramu 3 na nusu. Tena hutawanyika: hesabuni sentimeta 2 hadi 3 kwa kila meta ya umbali. Kwa meta 15 zimeenea sentimeta 40 hivi, nazo nyingi zitaingia kifuani mwa pongo. Kwa meta 30 zimeenea karibu sentimeta 80. Mbili au tatu tu zitampata, nyingine zinakwenda kwa jirani. Kwa hiyo chembe hizi zisipigwe kupita meta 20 au 25.

Risasi moja nzima ya kalibre 12 ina gramu 28 hadi 32. Mjerumani Wilhelm Brenneke alitengeneza moja ya namna hii mwaka wa 1898, na jina lake lingali linatumika. Ni nzito, ni nene, na ni njema kwa nguruwe mpaka meta 50. Humfaa pongo vile vile, ila nyuma yake pawe na udongo wa kilima. Bunduki nyingine zina mtutu unaofinyika kidogo mdomoni. Usitie humo gololi ya kujitengenezea isiyopita mdomoni kwa urahisi. Itakwama na kupasua mtutu.

Kwa mboloko, marisau tu yatosha, yaani chembe ndogo nyingi. Kumpiga mboloko kwa risasi ya gramu 30 ni kuharibu kartushi na nyama pamoja.

(c) Raifle ya kuwindia. Wenye ruhusa ya bunduki hii ni wachache. Kwa milimita 7, risasi ya gramu 9 yenye ncha laini yamtosha pongo. Kwa 30-06 na ndugu zake, gramu 10 au 11 ni njema kwa pongo. Gramu 12 kwa nguruwe mkubwa. Zile za gramu 14 ni za wanyama wazito kuliko hao. Ile 375 ya Waingereza, ya mwaka wa 1912, yenye risasi ya gramu 19, ni ya nyati; katika shamba la maharagwe haina kazi.

Ukichagua uzito mmoja, kaa nao. Risasi ya gramu 10 na ya gramu 12 hazipigi mahali pamoja hata kwa bunduki moja. Anayechanganya masanduku hujikosesha mwenyewe, kisha husema amerogwa.

(d) Bunduki ya vita. Risasi yake ya kawaida ina gramu 8 hivi, imefunikwa shaba yote, haikufanywa kwa kuwinda. Humtoboa mnyama na kumwacha akimbie. Tena si silaha ya mwanakijiji, sheria yaikataza. Nyama ya pongo haifai kulipwa kwa kifungo.

7. Mahali pa kupiga na namna ya kufuata

Ngoja mnyama asimame ubavu. Fuata kwa macho mguu wake wa mbele kutoka chini kwenda juu. Nyuma kidogo ya mguu huo, theluthi moja ya kifua kutoka chini, ndipo pa kupiga. Mahali hapo ni kama sahani ndogo. Kama hujui kupiga sahani ndogo kwa hatua arobaini, sogea mpaka hatua ishirini, au acha.

Kabla ya kuvuta kidole, tazama nyuma ya mnyama. Palipo na anga tupu, usipige. Palipo na majani usiyojua yanaficha nini, usipige. Udongo wa kilima ndio ukuta wako. Simama juu, mnyama awe chini, risasi iishie ardhini.

Ukisha kupiga, usikimbie mbele. Kaa kimya nusu saa. Kisha tazama damu. Damu nyekundu yenye povu ni ya mapafu; hatakwenda mbali. Damu nyeusi ni ya ini; ngoja tena. Damu iliyochanganyika na majani mabichi ni ya tumbo. Ngoja saa kadhaa, wala usimfukuze, maana ukimfukuza atakwenda bila kusimama. Dume la pongo lililojeruhiwa hugeuka na kutumia pembe. Usimwendee kwa mbele, wala usitume mtoto.

8. Nyama

Risasi ikigonga mfupa kwa mbio kubwa huvunjika vumbi dogo lisiloonekana kwa macho. Vumbi hilo ni sumu, nalo huwadhuru hasa watoto wadogo na wanawake wenye mimba. Kata nyama ya upana wa kiganja kuzunguka jeraha, uizike, usiwape mbwa. Risasi nyepesi yenye mbio kali hutawanya vumbi zaidi kuliko gololi nzito ya polepole, na ile ya shaba tupu haitawanyi madini haya.

Tena kuna jambo kubwa kuliko hilo. Ninyi wa Beni, Butembo na Vuhovi hamkusahau Ebola. Ilitangazwa katika Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 1918 na mia moja juu yake, yaani 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020, na watu 2,287 wakafa. Mahali pengine, katika Gabon na Kongo-Brazzaville, ugonjwa huo uliwahi kuwapata watu waliogusa wanyama waliokutwa wamekufa msituni, pamoja na jamii ya mboloko. Basi mnyama uliyempiga tumboni, ukamkuta siku ya tatu, utajuaje kama aliuawa na risasi yako au na ugonjwa? Utajuaje kama ndiye yule uliyempiga? Mnyama wa namna hiyo asiguswe, asiliwe, asiuzwe kwa wachimbaji. Mnaona sasa kwamba risasi isiyofaa haiharibu baruti tu. Huleta nyumbani shaka ambayo haina mizani ya kuipima.

9. Ruhusa

Sheria ya kuwinda ya tarehe 28 Mei 1982 yadai ruhusa ya kuwinda, na bunduki nayo yadai hati yake. Mashariki ya nchi ya Bashu kuna Mbuga ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka wa 1925 kwa jina la Mfalme Albert. Humo haiwindwi kabisa. Na kwa kuwa tangu mwaka wa 2014 watu wengi wa Beni wameuawa na wenye silaha, mlio wa bunduki katika nchi hii huwakimbiza watu usiku na watoto mgongoni. Mwenye hati amwarifu shefu na majirani kabla ya siku yake. Asiye na hati asishike bunduki. Azungushe ugo, alale shambani na moto na mbwa, apige debe. Tabu yake ni kubwa, lakini hakuna aliyeuawa na debe.

10. Maulizo kwa wasomaji

Je, risasi nzito ina nguvu kuliko nyepesi? Kwa baruti ile ile, hapana. Huzama zaidi, lakini huenda polepole.
Je, gololi mbili ni njema kuliko moja? Hapana. Hugawanya nguvu na kupoteza shabaha.
Gololi ya milimita 15 ina uzito gani? Gramu 20.
Chembe za 00 zipigwe umbali gani? Zisipite meta 25.
Pongo wahitaji risasi gani ya raifle? Ya gramu 9 hadi 11, yenye ncha laini.
Mnyama aliyekutwa amekufa afanywe nini? Asiguswe.
Kabla ya kupiga, watazama nini? Nyuma ya mnyama.

Mzee wetu aliyeyusha gololi zake zote, akazifanya upya, akazipima moja moja kwa mnunuzi wa dhahabu, akazitupa zilizopungua. Kisha alihamisha mahali pake pa kuvizia, akapanda juu ya kilima ili nyumba ya jirani isiwe tena mbele ya mtutu. Majira yaliyofuata aliuza maharagwe magunia matatu. Tundu katika ukuta lilizibwa kwa udongo, lakini mama wa yule mtoto hakulisawazisha. Alisema, "Acheni lionekane, ili kila mwenye bunduki apitaye hapa alitazame kwanza."